Docta aliyechora ndizi za mama kabla hatujazikata

Wakuu, salamu kutoka Mutwanga. Nimerudi kutoka matanga kule Butembo, na kuna mtu sitaki apite kimya kimya. Naandika niliyoyaona kwa macho yangu tu.

Mimi ni mtoto wa kwanza kwetu. Wazazi walipokufa niliacha masomo, nikabaki na wadogo zangu na shamba la ndizi. Baba na mama tuliwazika humo humo. Ndizi za kando ya makaburi, mama alikuwa amezipanda kwa mkono wake.

Halafu ugonjwa ukaingia. Wa huku mnaujua: majani yanakuwa manjano, ndizi zinaiva kabla ya kukomaa, ndani zimeoza. Dawa hakuna. Unakata shina, unang'oa mpaka mzizi.

Docta (wa mimea, si wa watu) alifika kwa moto, yaani pikipiki, kutoka Beni, gitaa mgongoni. Watu wakacheka: mtafiti gani huyu? Alichonga vijiko vya mti, alitunga nyimbo, mashati alijishonea mwenyewe. Kusema kweli, kola zilikuwa zinapinda.

Akazunguka shamba, akarudi uso umebadilika, akaniambia:

"Masika, zile za chini zote zitoke. Na hizi za makaburini pia."

"Hapana, Docta. Hizi ni za mama. Na batoto batakula nini?"

Nilingoja anishinde kwa Kifaransa. Yeye akaomba kiti na kikombe cha maji, akatoa rangi zake.

"Donc, basi, acha nichore kwanza."

Alichora muda mrefu. Mdogo wangu Muhindo akasimama nyuma yake, akaanza kumchokoza.

"Docta, weka kijani basi! Unatuchorea shamba ya bazee!"

"Nitaweka kijani pale naiona."

Alipomaliza alinipa karatasi.

Wakuu, shamba lile niliingia kila asubuhi. Lakini nilikuwa naangalia shina moja moja, na kila moja nalihurumia. Kwenye karatasi niliona yote pamoja. Manjano ilianza kwenye kijito, ikapanda kama njia, ikafika kwa mama. Kijani ilibaki juu tu, nyuma ya nyumba. Kesho yake ingekuwa zamu ya hizo.

Nikasema, "Tukate."

Tulikata, tukipitisha panga motoni kila baada ya shina ili ugonjwa usihame. Tulipomaliza Docta alipiga gitaa polepole. Muhindo alilia, akadai ni moshi.

Za nyuma ya nyumba zilipona. Ndizo zilitulisha, pamoja na maharage, na ulikuwa wakati mgumu. Udongo ulipopumzika vya kutosha, Docta alileta machipukizi safi. Tulipanda tukiangalia mchoro: hapa ilisimama moja, hapa mbili. Ndizi za mama zikarudi mahali pake.

Sasa Docta amekufa, kwa maradhi. Nilibeba mkungu mmoja kutoka kando ya kaburi la mama, pikipiki mpaka Beni, gari mpaka Butembo.

Pale matangani, mtaa wa Mususa, mkubwa mmoja wa ofisi yake alisimama akasema marehemu alikuwa mtu wa sayansi, gitaa na rangi zilikuwa za kupumzisha kichwa tu. Watu wakaitikia.

Miye si mtu wa kusema mbele ya watu. Nikasimama na mkungu wangu, nikaeleza kama nilivyowaeleza hapa.

Mke wa Docta akainua kichwa.

"Alikuwa anasema hajue kuchora, anajua kuangalia."

Ule mkungu ulipikwa, matanga yote wakala.

Nilichojifunza: mtu usimgawe vipande, hiki kazi, hiki mchezo. Docta alituokoa kwa vyote viwili, na mimi sijui kimoja kiliishia wapi kingine kikaanza.

Nanyi wakuu, mliwahi kuwa na mtu wa namna hii? Tuambieni alipenda kufanya nini akitoka kazini.

Mchoro uko ukutani kwetu. Muhindo bado analalamika kwamba kijani ni kidogo. Namwambia atoke nje aangalie.