Mti wa Peasi Uliokatwa kwa Mapenzi

IHANDA, KARAGWE, 1956

Saa kumi na mbili asubuhi, umande haujakauka, Joviana Mutalemwa amekwisha kupiga magoti nyuma ya jiko lake. Anasogeza nyasi shinani mwa kijiti kisichomfika hata kiunoni. Kijiti hicho nusura kimgombanishe na mama mkwe wake.

Joviana ni mtunza bustani wa misheni. Mchana kutwa hupalilia kabichi za watu, jioni ndipo hugeukia cha kwake. Na cha kwake ni kidogo hasa, maana kibanja chote, yaani shamba la nyumbani lenye migomba na mibuni, ki mikononi mwa mama mkwe, Bi Anatolia. Mwalimu mmoja alipompa mche wa peasi ulioungwa juu ya mzizi wa mti mwingine ili usirefuke, Joviana aliupokea kwa mikono miwili.

Majirani walimcheka. Mti gani huo, mfupi kama kigoda? Yeye akaumwagilia, akaukinga na mbuzi, na baada ya miaka minne ukazaa. Peasi la kwanza alimpelekea Bi Anatolia, ndiyo heshima. Bibi akala, akalamba vidole, akausifu mti kijiji kizima.

Kesho yake Joviana alirudi kutoka kazini akaukuta mti chini, umekatwa usawa wa goti. Bi Anatolia kasimama kando na mundu wake, anatabasamu, anangoja kushukuriwa.

Huku kwetu mgomba ukishazaa hukatwa, mtoto wake apate nafasi. Bibi aliyezeekea migombani alidhani anamsaidia mkaza mwanawe.

"Nilipoona hafurahi, nikamtafuta mtoto wa mti nimpalilie," anasimulia bibi. "Nikazunguka weee, simwoni. Hapo nikajua mti huu si mgomba."

Joviana alilia hadharani, bila haya. Lakini maneno makali aliyameza, mkwe ni mzazi. Siku kadhaa hawakutazamana usoni.

Mwalimu alikuja, akakagua kisiki, akasema wangoje. Chipukizi likitoka chini ya kovu la kuungia, huo ni mti mwingine na peasi ndiyo basi. Likitoka juu, umepona. Basi ikawa kila asubuhi wanawake wawili wanachungulia kisiki kimoja, Joviana kabla ya kwenda kazini, bibi akijifanya anapita tu kwenda kisimani.

Aliyeliona chipukizi kwanza ni bibi. Alikimbia na uzee wake mpaka bustani ya misheni, akamvuta Joviana mkono bila hata salamu. Lilikuwa juu ya kovu.

"Tulikumbatiana mpaka tukaanguka kwenye nyasi," Joviana anacheka. "Mama alilia kuliko mimi."

Sasa anajifunza kuunga miche mwenyewe, apande mti wa pili. Nyuma ya jiko hapatoshi, na hilo halimsumbui tena. Bi Anatolia, ambaye hajawahi kumgawia mtu hata hatua moja ya kibanja chake, ameng'oa migomba miwili karibu na mlango wake.

"Pale pana rutuba," anasema bibi. "Apande, azungushie ua imara. Mimi nitapita mbali."