Tuliyemwita Redio

Mwezi wa kumi uliopita nilishuka Sotik nikiwa njiani kwenda nyumbani, na kabla sijatafuta pikipiki nikasikia mtu ananiita kwa jina la baba yangu. Alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu, amesimama nje ya duka la dawa za mifugo. Nilimtambua kwa kicheko kabla ya sura. Huyu alifanya kazi na baba kwenye kiwanda cha chai, na kwa miaka mingi walipokezana kusoma masomo kanisani. Aliniuliza habari za mjini, akanishika mkono muda mrefu kama wazee wetu wanavyofanya, kisha akaninunulia kichane cha ndizi mbivu.

"Mpelekee baba yako," akasema. "Mimi nikienda kumwona, naambiwa amelala. Kila siku amelala! Mwambie bado niko, hata meno ninayo."

Nilimkuta baba ameketi barazani, blanketi magotini, macho yakiangalia kule ambako hakuna kitu. Sukari ilimnyang'anya macho miaka mitatu iliyopita. Tulimpeleka hospitali ya Longisa tukaambiwa tumechelewa. Nilimsalimia, nikaweka ndizi mapajani mwake, naye akazipapasa, akanishika bega.

"Umesikia, mama?" akaniambia, kama anavyotuita sisi binti zake. "Yule rafiki yangu wa kiwandani ametuacha. Dada yako alinisomea juzi kwenye gazeti."

Nikamtazama dada. Alikuwa kwenye kigoda anachambua maharagwe. Aliinua uso, akanitazama kwa utulivu, akarudi kwenye maharagwe yake.

Wewe unayenijua tangu zamani utasema dada amerukwa na akili. Hata mimi nilifikiri hivyo kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Lakini ngoja nikurudishe kwanza kwenye ile nyumba ya miaka ya tisini, uone mambo yalikoanzia.

Nyumba yetu iko upande wa Bomet, kwenye mteremko ambao chai imepandwa mpaka karibu na mto. Muhula wa tatu ulikuwa na tabia yake. Asubuhi jua kali, mchana mawingu yanajikusanya upande wa Kericho, na ikifika saa tisa mvua ya mawe inapiga mabati mpaka mtu hasikii anachosema mwenzake. Ikikatika, shamba zima linanuka majani yaliyochanika, harufu mbichi inayokaa kooni. Mahindi yalikuwa yameshavunwa yako ghalani, na kila nyumba ilikuwa na sufuria ya mahindi na maharagwe ikichemka tangu mchana. Mama yetu alikufa tukiwa wadogo, kwa hiyo aliyetulea ni nyanya, ambaye tulimwita kogo kama Wakipsigis wote. Kogo alitumiminia mursik kutoka kwenye kibuyu, maziwa mazito ya rangi ya kijivu yenye ladha ya mkaa, na alitaka umalize kikombe ukiwa umesimama mbele yake. Hakuamini mtoto anayesema ameshiba.

Mwaka ule bonasi ya chai ilipotoka, baba alirudi na televisheni. Ilikuwa ndogo, nyekundu, picha zake nyeusi na nyeupe, na ilitumia betri ya gari ambayo baba aliipeleka Bomet kuchajiwa akiifunga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. Ilikuwa ya kwanza kwenye mteremko wetu. Aliiweka juu ya kabati la vitabu, akaifunika kwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono, na tangu siku hiyo sebule yetu haikuwa yetu tena. Mwenye duka alikuja. Fundi wa baiskeli alikuja. Rafiki wa baba wa kiwandani alikuja na kiti chake mwenyewe kichwani. Mama jirani alikuja pia, aliyetoka upande wa ziwa kumfuata mumewe kwenye kazi ya shamba kubwa, naye hakuwahi kuingia mikono mitupu. Alileta karanga za kukaanga, tukazila gizani huku tukisubiri.

Kusubiri kwenyewe kulikuwa na sababu. Baba alijivunia kitu kimoja kuliko ng'ombe na chai yake, nacho ni kusoma. Alisimama kanisani Jumapili akasoma kwa sauti iliyotikisa madirisha, na hakukubali kwamba mtu wa damu yake anaweza kushindwa na herufi. Kwa hiyo aliweka sheria. Kabla ya kuunganisha waya kwenye betri, ilibidi mimi na dada tusome kwa sauti mbele ya wageni wote, yeye akishika taa. Tulisoma kitabu kimoja tangu mwanzo, kila jioni tukiendelea pale tulipoachia. Aliyesoma vizuri aliketi. Aliyekwama alitoka nje kushika mlingoti wa antena, mti mrefu wa blugamu uliofungwa ukutani, na kuugeuza picha ikipotea. "Geuza! Geuza kidogo! Hapo hapo! Ee, umepitisha!"

Dada ndiye aliyekuwa mlingotini. Kila siku. Alinizidi miaka miwili lakini tulikuwa darasa moja, kwa sababu alirudia na kurudia. Siku hizi kuna jina la hali ile na kuna walimu wake. Zamani zile jina lilikuwa uvivu, na dawa yake ilikuwa fimbo. Herufi zilimkimbia tu. Aliangalia neno dogo la kawaida na jasho likamtoka puani. Nilikuwa naona televisheni, naye namsikia nyuma ya ukuta akiuliza, "Picha imekuja?" Hakuna aliyemjibu ikiwa imekuja.

Muhula ulipoanza baba alikuwa ameshasema neno lake. Asiyejua kusoma hadi shule zifungwe, mwaka mpya hatarudi darasani, atachukua kikapu akachume chai. Alilisema huku anakula, bila hasira, na ndiyo maana tulijua hatanii. Dada aliipenda shule, usinielewe vibaya. Alipenda hesabu za kichwani, alipenda nyimbo, alipenda hata sare yake iliyobana. Hakutaka kikapu.

Kwa hiyo tukafanya mpango. Siku ambazo majani ya kwetu yalichumwa, tulipotoka shule tulipelekwa shambani kumsaidia kogo. Dada alichuma haraka kuliko mtu yeyote niliyemjua, mikono miwili ikicheza juu ya chai, majani mawili na chipukizi. Akachuma yake, akachuma na yangu, na mimi nikachutama kati ya mistari na kitabu ndani ya karatasi ya plastiki, nikimsomea ukurasa wake wa jioni ile. Nilisoma mara mbili tu. Mara ya pili tayari midomo yake ilikuwa inanifuata. Nikamwonyesha na mahali pa kufunua: ukifika neno hili, funua. Vikapu vyetu vilijaa sawa, kogo akaridhika, na jioni dada akasimama mbele ya taa, akashika kitabu, akasoma.

Ungemwona baba! Siku ya kwanza alitabasamu akafikiri ni bahati. Siku ya tatu alimshika kichwa. Dada akaketi ndani, kwenye mkeka karibu na kogo, akaona kwa mara ya kwanza mtu wa habari ambaye alikuwa anamgeuzia antena wiki nzima. Alicheka kwenye vichekesho hata visipochekesha. Antena ikabaki bila mtu, picha ikawa inateleza na kupiga chenga, na hakuna aliyelalamika, maana mtoto wa mzee sasa anasoma. Mimi naikumbuka wiki ile kama wiki nzuri kuliko zote za utoto wangu: karanga za moto, mvua juu ya mabati, bega la dada limenigusa.

Halafu ikaja Jumamosi ya mieleka. Sebule ilijaa mpaka mlangoni, wanaume wana haraka, wanasema mzee washa bwana, watoto watasoma kesho. Baba akakataa. Nikasoma mimi. Akasimama dada, akaanza vizuri, hadithi ya mtoto aliyetumwa chumvi akakuta mto umefurika. Sijui ni kelele au ni furaha tu, lakini alifika lile neno, akalipita, hakufunua. Maneno ya ukurasa wa pili yalikuwa yanamtoka huku macho yake yako kwenye ukurasa wa kwanza.

Baba aliona. Nilimwona akiona. Akainua mkono watu wanyamaze, akasema kwa upole kabisa, "Endelea, mama. Endelea tu." Kisha akakitoa kitabu mikononi mwake polepole, akakifunga, akakiweka kwapani.

Dada hakujua la kufanya, akaendelea. Mikono yake ilibaki juu, imeshika hewa, na mdomo ukasema hadithi yote mpaka mtoto akavuka mto akafika nyumbani na chumvi yake. Hakukosea neno.

Rafiki wa baba ndiye aliyeanza. "Mzee, huyu si mtoto, huyu ni redio!" akasema. "Ungetuambia mapema, si ungewacha hii pesa ya televisheni!" Sebule ikapasuka kwa kicheko. Mwenye duka alicheka mpaka akaegemea ukuta. Fundi wa baiskeli alimwomba atangaze bei ya maziwa. Baba naye alicheka, na hicho ndicho kilichoniuma, kwa sababu alifuta machozi kwa kiganja kama mtu mwenye furaha.

Mama jirani peke yake hakucheka. "Lakini amesema yote, baba," akasema. "Yote bila kukosa hata moja. Hiyo pia si ni akili?"

"Akili gani bila macho?" baba akamjibu. "Redio haiangalii televisheni. Wewe, nenda kwa mlingoti."

Dada akatoka. Nje mvua ya mawe ilikuwa imeanza, tukaisikia ikimpiga na kupiga mabati pamoja. Picha siku hiyo ilikuja safi kuliko siku zote.

Mwaka mpya sare yake nilivaa mimi. Jina la Redio likamfuata mpaka kwenye kituo cha kupimia majani, ambako hata karani alimuuliza kila asubuhi leo kuna habari gani. Kogo aliacha kuingia sebuleni, akawa anakaa jikoni na dada, na alipougua ni dada aliyemwosha na kumlisha mpaka mwisho. Mimi nilisoma, nikaenda, nikawa mgeni wa Desemba. Dada hakuolewa, hakuondoka. Baba alipopoteza macho alikuwa na mtu mmoja tu wa kumshika mkono.

Sasa nirudi barazani. Jioni ile nilizunguka boma nikiangalia yaliyobaki. Mlingoti ulikatwa kuni zamani. Televisheni iko ghalani na kuku anataga juu yake. Jirani wa ziwa bado yuko, amezeeka, na watoto wa siku hizi kila mmoja ana picha zake kwenye simu, hakuna anayekuja kwa mwingine na karanga. Nikaiona na redio ya baba kwenye dirisha la jikoni. Nilifungua mgongo wake. Haikuwa na betri. Dada alikuwa nyuma yangu.

"Nilimwambia imekufa," akasema. "Simu nashika mimi. Watu wakija, amelala. Redio ya hapa ni mimi."

"Na waliokufa?"

Akanitajia. Mwenye duka alikufa Pasaka, kwa mujibu wa gazeti. Fundi wa baiskeli alifuata wakati wa kupanda. Rafiki wa kiwandani ndiye wa juzi. Mwenye duka mimi nilikuwa nimempungia mkono saa moja kabla, amekaa nje ya duka lake. Nikauliza juu ya mama jirani, na dada akashangaa kwa kweli.

"Huyo ana makosa gani?"

Tulipokaa kunywa chai baba akaomba asomewe tena habari ya rafiki yake. Dada alifuta mikono, akachukua gazeti lililofungiwa nyama, akalifungua mbele yake, akasoma. Sijawahi kusikia tangazo la kifo zuri namna ile. Lilikuwa na kiwanda, na kanisa, na wajukuu, na ugonjwa mfupi uliovumiliwa kwa imani. Sauti yake ilikuwa ile ya zamani, haina kukwama.

Baba akageuza uso upande wangu.

"Siku hizi gazeti lina vifo tu, tena vya watu wangu tu," akamwambia dada. "Mpe mdogo wako asome yeye. Yeye ni msomi. Nataka kusikia kama ndivyo ilivyoandikwa."

Nikalitoa gazeti mikononi mwa dada. Mikono yake ikabaki juu, imeshika hewa. Nikaangalia ukurasa, wenye tangazo la mbegu za viazi na doa la damu ya ng'ombe, na nikafikiria yule mzee wa Sotik na meno yake. Kisha nikasoma. Nikasoma kiwanda, na kanisa, na wajukuu, na imani, neno kwa neno kama alivyosoma yeye, mpaka mwisho, na baba akaanza kulia bila sauti.

Alipotulia alipapasa mapajani, akamenya ndizi.

"Tamu," akasema. "Zimetoka wapi?"

Nilifungua mdomo, dada akaniwahi.

"Matangani kwa rafiki yako, baba."

Akaitikia kwa kichwa, akatafuna polepole, kwa heshima.