Siku Molu Alipotaja Ng'ombe Wake

Molu, mfugaji wa Kiorma nje kidogo ya Garsen, alikuwa mtu wa maneno machache na ukaidi mwingi. Idadi ya ng'ombe wake hakumwambia mtu, hata mkewe marehemu. Ndivyo wazee wake walivyomlea: anayetaja idadi anawaitia ng'ombe hasara. Aliwajua kwa rangi na kwa mama zao. Jioni akitupa jicho zizini alijua nani hajarudi.

Mwaka wa tisini na tisa bintiye Qabale aliitwa chuo kikuu Nairobi. Mkopo wa serikali ulikuwapo, lakini wenye riba, na Qabale mwenyewe aliirudisha fomu bila kuijaza.

"Aba, elimu yangu isianze na haramu," alisema.

Molu aliona fahari. Kisha hofu ikamshika, maana karo ilitakiwa kabla ya Jumatatu.

Akaenda kwa kamati ya zaka ya msikiti. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Swaleh, mstaafu kutoka Kipini, mtu mwema sana, ila kwao ni watu wa samaki. Ya ng'ombe hakuyajua.

"Mzee Molu, una ng'ombe wangapi?"

"Iko," Molu akajibu.

"Wangapi?"

"Iko, alhamdulillahi."

Swaleh akashusha kalamu. Mwenye ng'ombe thelathini hutoa zaka, hapokei, na huyu mzee alijibu kama tajiri anayeficha mali. Akamwomba radhi, akamwita mwingine.

Qabale alipopata habari hakumlaumu baba yake. Alianza kuzikunjua nguo alizokuwa amezipanga kwa safari. Afadhali angempigia kelele! Molu alimtazama kidogo tu, akachukua fimbo yake, akarudi mjini kumwita Swaleh aje ajionee mwenyewe.

Alidhani macho yatatosha. Asubuhi yake Swaleh akasimama mbele ya zizi, viatu vimejaa samadi, akatabasamu.

"Mashallah! Kundi lote hili?"

Kumbe zizini mle walilala pia ng'ombe wa majirani wawili. Kwa mtu wa Kipini ng'ombe ni ng'ombe tu, hakuna wa fulani na wa fulani. Qabale alikuwa akikamua; mkono wake ukasimama.

Molu alikohoa, akashika mti wa zizi kwa mikono miwili.

"Hii yote si yangu. Yangu nyingi maji ya El Nino ilibeba, jua ikamaliza." Jasho lilimtoka. "Yangu iko saba."

Swaleh alitaka kuuliza mbona hakusema mapema, lakini alipouona uso wa mzee akageuka kwenda kuiita kamati. Kamati ikakutana baada ya swala ya adhuhuri. Alasiri Swaleh akarudi kwa baiskeli, anahema, na habari kwamba karo ya mwaka wa kwanza imepitishwa, na ya miaka iliyobaki wataitafuta inshallah.

Alipoondoka, Molu akaketi chini palepale akicheka. Qabale akaketi karibu naye, machozi yanamtiririka. Miaka kumi na tisa ameishi na ng'ombe hao, na idadi yao ameijua leo.

"Aba, umewataja," alimwambia kwa Kiorma.

"Nimewataja," Molu akamjibu, akimfuta uso kwa ncha ya shuka yake. "Wewe nenda kasome. Hasara ikija, itanikuta mimi hapa."