Mkwe wangu aliukatia mwezi tiketi: safari yetu ya mapembea ya Dubai kwa bajeti

Wakuu wa jukwaa hili, na nyinyi mnaosoma kimyakimya bila kuchangia, hamjambo nyote.

Mie ni mtu mzima wa Malindi, mtaa wa Shela. Nimesoma chuoni tu, kwa Kurani, na kuandika kwa simu nimefunzwa ukubwani. Mkiona nukta imekaa pasipo pake, isukumeni wenyewe. Lakini ninayoyasema yametokea, na waliokuwapo wako hai, wanabishana mpaka leo.

Waliokuwapo ni hawa.

Mie. Mwanakombo, kifungua mimba wangu. Athumani mumewe, fundi wa simu na, kwa maneno yake mwenyewe, mtaalamu wa safari, ijapokuwa mbali alikowahi kufika ni Mombasa. Bakari, ndugu yangu wa Ngomeni, ambaye hakusafiri ila mdomo wake ulikuwa nasi njia nzima. Nuru, mjukuu wangu ninayemlea. Na Saumu, kitinda mimba wangu, mamake Nuru, aliyeko Dubai kwenye kazi za nyumbani.

Saumu alimwacha mtoto bado anabebwa mgongoni. Sasa Nuru amevaa sare za shule, na mamake anamjua kwa kioo cha simu.

Siku moja Saumu akapiga. "Mama, bibi yangu wa kazi amenipa Idi Mosi kutwa nzima, mpaka Magharibi. Idi Pili wanapokea wageni, sitoki. Niletee mwanangu nimuone."

Alikuwa ameweka akiba kwa siku hiyo moja, akatutumia yote ya nauli na tiketi. Alitaka ampeleke Nuru kwenye ile bustani kubwa ya mapembea, wapande pamoja lile gurudumu linalogusa mawingu. Nuru alishaliona kwenye simu, akawa halali.

Sasa nyinyi mtaniambia, "Bibi, Malindi kila Idi si huletwa mapembea?" Huletwa. Yana kutu na yanalia kama mbuzi, lakini huletwa. Ila mamake hayuko kwenye hayo. Ndiyo hesabu yenyewe.

Mkutano ukakaa sebuleni kwangu. Athumani akaja na simu mbili na miwani asiyoihitaji.

"Shikamoo mama. Safari ni bajeti. Anayesema Dubai ni ghali hajui mtandao."

"Marahaba mwanangu. Tufundishe."

Tukafundishwa.

Sanduku la kulipia tusichukue, kila mtu azivae nguo zake. Siku ya safari nilivaa madira matatu na buibui juu, nikawa natembea kama godoro linalohama nyumba.

Hoteli ya nini? Kuna rafiki yake, Swaleh Mbarak, mtu wa Mnarani, ana chumba huko, atatupisha.

Chakula twende nacho. Tiketi za bustani zikatwe mapema, zina tarehe yake, hazibadilishwi, ndiyo maana zikawa rahisi.

Na ndege. Hapa ndipo penye kisa, sogeeni.

Ndege za kufika mapema kabla ya Idi zilikuwa ghali. Iliyokuwa rahisi kupita zote ni ile inayotua alasiri ya siku ya thelathini ya mfungo. Athumani akapiga makofi. Tutue thelathini, tulale, tuamke Idi Mosi twende bustanini na Saumu. Na tiketi za bustani akazikata za hiyo kesho yake.

Kwa wakuu wa bara msiofunga, niwaeleze. Idi haikai kwenye kalenda ikakungoja. Jioni ya ishirini na tisa watu hutazama mwezi. Ukiandama, kesho ni Idi. Usipoandama, mnafunga thelathini. Na hapa pwani kuna wanaofuata mwezi wa hapa na wanaofuata wa ng'ambo, hata ndugu wa tumbo moja, huyu amefunga na yule yuko kwenye biriani.

Kwa hivyo mtu wa pwani kukata tiketi isiyobadilika kwa Idi ambayo mwezi wake haujaonekana, huo ni ujasiri ambao hata simba hana.

Bakari alikuwapo, amekuja kunisalimia na samaki wake.

"Athumani, na mwezi ukiandama ishirini na tisa?"

"Mjomba, mwaka huu ni thelathini."

"Nani kakwambia? Mwezi wenyewe?"

"Iko app."

"Hiyo app imepanda darini ikatazama?"

"Mjomba, muache mume wangu," akasema Mwanakombo. "Ameshafanya utafiti." Alisema huku anatazama mkeka, na mie mwanangu namjua. Akitazama mkeka, haamini neno.

Bakari akanigeukia. "Dada, sisi tunaupigania mwezi ukiwa juu ya vichwa vyetu. Mkweo ashaukatia tiketi na haujazaliwa."

Tukacheka. Ningelikuwa na akili ningelilia, lakini mtaalamu alishabonyeza.

Ikafika jioni ya ishirini na tisa. Tumeshafungasha. Mawingu yametanda Malindi nzima. Bakari akapiga kutoka Ngomeni, huko hawakuona kitu. Redio ikatangaza, kesho ni thelathini.

Wakuu, mngemuona Athumani! Alitembea ukumbini kifua mbele, kana kwamba mwezi ulikuwa mbuzi wake, amemfunga kamba nyuma ya nyumba.

"Mnaona? Hesabu!"

Hatujamaliza hata kahawa, ukaingia ujumbe wa sauti wa Saumu.

"Mama. Huku mwezi umeandama. Idi ni kesho. Ruhusa yangu ni kesho. Mwafika saa ngapi?"

Nuru akauliza, "Bibi, kwani mama ana mwezi wake?"

Na Athumani, Mungu ampe umri, akasema maneno nitakayoyakumbuka nikiwa kaburini. "Haiwezekani. Sisi hatujauona."

"Mpigie Dubai uwaambie warudishe," akamjibu mkewe. Mara hii hakutazama mkeka.

Kubadilisha ndege, hapana. Kubadilisha tiketi za bustani, hapana. Bei rahisi ina masharti kama mganga. Lililobaki ni kutua alasiri, kukimbia, na kumwahi Saumu kabla ya Magharibi.

Tukasafiri. Msafiri ana ruhusa ya kula, lakini mie nilikuwa nimekasirika nikashikilia saumu yangu. Sikupata tabu. Ile ndege ya bajeti hata maji yanauzwa, kwa hivyo kufunga kulikuwa lazima kwa dini zote. Nyuma yangu alikuwa baba mmoja Mkristo wa Ganda, hapo jirani ya Malindi, jina lake Kazungu, naye alifunga mpaka Dubai.

Tukatua. Watu wamevaa nguo mpya, wanapeana mikono, wanakula halua. Sisi midomo imekauka kama tuliotoka jangwani kwa miguu. Mwanakombo akanitia tende kinywani. "Kula mama. Ni haramu kufunga siku ya Idi."

Nikala Idi nikiwa kwenye foleni ya pasipoti. Afisa akatazama picha, akanitazama mie na madira yangu matatu, akatazama tena picha. Nadhani aliona watu wawili.

Swaleh Mbarak alikuja kutupokea na gari ya kuazima. Athumani akaanza, "Kwanza tupite chumbani tuweke..."

"Athumani," nikamwambia, "leo kaa kimya kidogo, iwe ndiyo Idi yangu."

Swaleh akakanyaga mafuta.

Saumu alikuwa langoni pa bustani. Amekaa hapo tangu asubuhi, gauni jipya, hina mkononi, ameketi kwenye ukingo wa maua kama mgeni aliyekuja harusi ya jana. Juu ya kichwa chake lile gurudumu linazunguka, watoto wa watu wanapiga mayowe.

Nilidhani Nuru atakimbia. Akaingia nyuma ya buibui langu.

"Nuru, si mama huyu?"

"Mama yangu yuko kwenye simu," akasema.

Wakuu, hapo sina mzaha wa kuwapa.

Athumani akaenda kwa mlinzi wa lango, kijana mpole aitwaye Rajan. Rajan akazisoma tiketi, akatabasamu, akamwambia njooni kesho. Athumani akauliza bei ya tiketi mpya. Akaambiwa bei ya langoni siku ya Idi. Alirudi amenyamaza, na safari hii sikumuomba.

"Mama, ningeuza simu zote mbili, na ya Mwanakombo, tusingeingia."

"Muache," akasema Saumu. "Mie sikuja kupanda pembea."

Tukakaa pale pale kwenye ukingo wa maua. Mwanakombo akafungua visheti na mkate wa kumimina, tukala nje ya lango kama walinzi wa zamu. Nuru amenibana, anamtazama mamake kwa jicho moja.

Saumu hakumvuta. Alimtazama kichwa tu, kisha akasema, "Nani amekusuka hivi?"

"Bibi."

"Ndiyo maana. Bibi yako mkono wake kama wa kufuma makuti. Mie alinisuka mpaka macho yakapanda juu."

Nuru akacheka, kwa mara ya kwanza. "Mimi pia yanapanda!"

"Njoo nikufumue."

Mtoto wa kike wa kwetu anajua pahali pa kusukwa. Alikwenda mwenyewe akaketi chini, katikati ya magoti ya mamake, akaegemeza kichwa. Saumu akatoa kitana mkobani, akaanza kufumua polepole, mstari kwa mstari, huku anamuuliza majina ya rafiki zake shuleni. Chizi. Fatma Omar. Mapenzi. Nuru akayataja yote, na mamake akayarudia kama anayahifadhi chuoni.

Athumani akageuka kutazama magari. Akasema vumbi limemuingia. Dubai, penye lami mpaka chini ya miti, ati vumbi.

Saumu akasuka upande wa kulia, mistari midogo myembamba. Akafika katikati ya kichwa. Simu ikalia. Dereva wa kazini yuko ng'ambo ya barabara, na jua linazama.

Alifunga kitambaa chake juu ya ule upande wa kushoto uliofumuliwa. Akamwambia Nuru kitu sikioni. Akanibusu mkono, akavuka barabara haraka haraka bila kugeuka, na mie nikashukuru hakugeuka.

Kesho yake tiketi zetu zikawa halali kabisa, Rajan akatukaribisha kama wafalme. Nilitaka nimalize zile nywele kwanza, mtoto asiingie kwa watu nusu amesukwa nusu kichaka. Nuru akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Usiguse, bibi. Mama amesema upande huu ni wake, atamalizia mwenyewe."

Akapanda gurudumu na Mwanakombo. Mwanakombo anasema walipofika juu kabisa, Nuru hakutazama bahari wala majumba marefu. Aliuliza, "Nyumba ya mama ni ipi?" Shangazi... la, nakosea, khaloo yake, dada wa mamake, akanyoosha kidole kwenye nyumba yoyote. "Ile." Nuru akaipungia mkono mpaka wakashuka.

Funzo, kwa wanaotaka kusafiri na familia kwa bajeti. Bei rahisi someni masharti yake. Siku ya kuonana na mtu ikiwa moja, fikeni mapema mlale hata sakafuni, muungojee mwezi huko huko. Na mtaalamu wa safari muulizeni kwanza amesafiri wapi.

Sasa tumerudi Malindi, na shule zimefunguliwa. Upande wa kulia mistari imeanza kuchakaa, wa kushoto naufunga kitambaa kila asubuhi. Mwalimu wake, Bi Josephine, aliniita kuniuliza kama nyumbani hakuna kitana. Nikamwambia kipo. Anayesuka ndiye hayupo.

Changieni, nasoma yote. Na Athumani, najua umo humu kwa jina la uwongo: kama nimekosea, kama huyo kijana wa langoni hakuitwa Rajan, au yule baba wa Ganda hakuwa Kazungu, nisahihishe hapa mbele za watu. Saumu, nawe ukipata nafasi ya kusoma, nisahihishe. Hasa lile ulilomwambia mtoto sikioni. Mie nimeandika alivyoniambia yeye.