Mdogo Wake Yuko Marseille, Yeye Anaamia Ndege

Kunapambazuka kijijini Ngao, na Josephine Jillo tayari yuko juu ya dungu, jukwaa la miti katikati ya mpunga, kombeo mkononi. Ndege wakitua tu, anawarushia bonge la udongo na kupiga ukelele: "Haaaya! Tokeni, walafi nyie!"

Sauti hiyo ndiyo inayoongoza kwaya ya kanisa kila Jumapili. Wiki hii kwaya iko Marseille, mji wa kale wa bandari kusini mwa Ufaransa. Yeye yuko hapa, anaamia ndege, akiwafukuza wasile mpunga wa mashamba mawili: lake, na la mdogo wake Christabel, aliyesafiri.

"Wivu ninao," anasema mkulima huyu wa miaka 46. "Nikudanganye ili iweje?"

Nafasi ya sauti ya kwanza ilikuwa moja, na mpunga ulikuwa unaiva. Mmoja aende, mmoja abaki. Mchungaji aliwaachia waamue wenyewe.

"Mimi ndiye mkubwa. Ilibidi nimwambie, 'Nenda wewe, mdogo wangu.' Nilijua atakataa, nami nitakataa, kisha atanibembeleza mpaka nikubali. Ndivyo tulivyolelewa. Lo! Msichana akasema, 'Asante, dada.' Akaenda kupiga pasi nguo zake."

Tangu hapo simu haimpi amani. Christabel anatuma picha kila siku: anakula samaki bandarini, anapanda ngazi za kanisa lililo juu ya kilima, amesimama mbele ya ngome ya mawe iliyokuwa ikilinda mlango wa bandari.

"Na kitenge alichovaa ni changu," Josephine analalamika. "Nilimwazima kwa mkono wangu mwenyewe!"

Tukiwa bado tunazungumza, kundi kubwa la ndege linashuka upande wa Christabel. Josephine anawaona vizuri. Kombeo linabaki mapajani.

"Waache waonje," anasema, wala haoni haya. Mpunga ule ndio chakula cha watoto wanne wa Christabel mpaka msimu ujao, na ndege hawa humaliza shamba kwa siku chache.

Simu inalia. Ni ujumbe wa sauti.

"Dada, jana tumeimba ule wimbo wako. Watu wamesimama, wengine wanafuta machozi. Wameniuliza nani katunga. Nikawaambia ni dada yangu, yuko nyumbani ananilindia mpunga. Mpunga wangu haujambo?"

Josephine anabonyeza simu na kujibu: "Haujambo. Wewe imba tu."

Hapo hapo anaruka kutoka dunguni na kukimbia kwenye tope, akipiga kelele mpaka sauti inakwama. Ndege wanainuka. Ukingoni mwa shamba, mashuke kadhaa yamebaki makapi.

Je, wivu umeisha?

"Uishie wapi!" anasema, akihema. "Sasa ndio umezidi. Wimbo wangu umefika Marseille, mimi nimefika hapa kwenye tope."

Kwaya imealikwa tena mwaka ujao, na Josephine ameshazungumza na mchungaji.

"Nimemwambia asituachie tena tuamue wenyewe. Alitaje jina langu yeye, haraka, kabla heshima haijanifungua mdomo."