Mzee wa Kwenye Karata

Nilikwenda Iringa kutafuta pazia, nikarudi Mbeya na pazia pamoja na pakiti ya karata za kutazamia. Pazia nilikuwa nalihitaji kuliko sukari, na miaka hiyo ya sabini sukari yenyewe ilikuwa inatafutwa kama mchumba.

Mimi ni Mhehe wa Kilolo, nikaolewa na Mnyakyusa. Kwao mke hamwoni baba mkwe wake, na baba mkwe hamwoni yeye. Mkikutana njiani, mwanamke anajitanda kanga, anageuka, anapotelea migombani. Si chuki, ni heshima, na kijijini heshima hiyo ina nafasi ya kutosha. Lakini baba mkwe wangu aliletwa Mbeya mjini kutibiwa miguu, na nyumba yetu ya kupanga ilikuwa na vyumba viwili, sebule moja, na korido iliyopakana na sebule hiyo bila mlango. Migomba haikuwepo. "Atakaa kidogo," alisema mume wangu, kisha akarudi zake kambini, kwenye reli ya Wachina alikokuwa akifanya kazi. Mzee alikaa tangu mvua za kwanza mpaka mahindi yakakauka mashambani, na bado yupo.

Nikawa naishi kwangu kama mwizi. Nikitaka kwenda jikoni, nakohoa. Yeye naye anakohoa, maana yake amegeukia ukutani, nipite. Napita upande upande, kanga kichwani, sufuria mkononi, nikigonga kila kiti. Chakula na maji ya kuoga alipelekewa na wifi yangu, dada wa mume wangu, tuliyekuwa tunaishi naye. Mimi mzee huyo nilimjua kwa vitu vitatu: kikohozi, mlio wa fimbo kwenye sakafu, na mwanga wa kandili yake alfajiri akielekea chooni uani.

Wifi alikuwa ameshachumbiwa. Baada ya mavuno angekwenda kwake Tukuyu, nami ningebaki na mtu nisiyeruhusiwa hata kumpa kikombe cha maji. Wakubwa wa ukoo wakakaa, na uamuzi ukanifikia kupitia kwa mume wangu, aliyeusema huku akitazama viatu vyake: nikapumzike kwa mama yangu Iringa. Kidogo tu, mpaka mzee apone. Hilo neno "kidogo" nilikuwa nimeshalijua. Mzee mwenyewe alikuja kukaa kidogo. Na wanawake waliokwenda kwao kidogo nilikuwa nawafahamu mmoja mmoja. Walikuwa bado wako kwao. Niliogopa sana. Nilikuwa nampenda mume wangu, pamoja na viatu vyake.

Njia ilikuwepo moja. Katika ukoo wao, baba mkwe akikuzawadia ng'ombe, mwiko umekwisha: mnaonana, mnasalimiana, unampikia. Ila ng'ombe huyo haombwi. Ukimwomba, au ukamtuma mtu akuombee, umeharibu. Lazima mzee mwenyewe awaze. Nami ningemkumbushaje mtu ambaye mazungumzo yetu yote yalikuwa ni kukohoa?

Basi nikaona angalau nipate pazia zito la kuziba korido, waone kwamba tunaweza kuishi. Mbeya nzima sikupata. Nikapanda basi kwenda kumsalimia mama, na huko nikasikia kwamba mjane mmoja wa Kizungu, aliyekuwa na shamba la tumbaku, anarudi kwao na anauza vyombo barazani.

Pazia nililipata, la mahameli, rangi ya damu ya mzee, zito kama godoro. Wakati analikunja, yule mama akaona jinsi nilivyokuwa natazama pakiti mbili za karata mezani. Akaniambia hazikuwa za kuchezea, zilikuwa za kuulizia mambo, zinaitwa taroti. Nichague moja, ananipa bure, kwa sababu nilikuwa mtu wa kwanza siku hiyo ambaye hakulalamikia bei.

"Wewe mpya," alisema kwa Kiswahili chake cha shambani. "Mtu mpya nachukua hii. Hii picha nasema yenyewe. Ile ingine ya zamani, gumu."

Na kweli, ile aliyonipendekezea kila karata ilikuwa na watu wanaofanya jambo: huyu analia, huyu kabeba mzigo, huyu kalala. Ile ya mtindo wa zamani, nyingi zilikuwa ni vikombe vitupu, au panga tupu, au magongo. Lazima ujue mwenyewe vinasema nini. Watu walikuwamo wachache tu. Mwanafunzi yeyote mwenye akili angechukua ile rahisi.

Lakini mimi nilikuwa mke wa Kinyakyusa, tena wa kujifunza, na mtu aliyejifunza desturi ukubwani huwa mkali kupita wenyewe. Katika pakiti ile rahisi nilikuta mzee mwenye joho, fimbo na kandili, ananitazama usoni. Moyo ulinilipuka. Fimbo ile. Kandili ile. Nikajitanda kanga pale pale barazani, mbele ya Mzungu. Nikafungua ile ya zamani, na humo naye yumo, lakini amegeuka pembeni, ndevu zake zikielekea kushoto, kwa adabu kabisa, kama mtu aliyesikia kikohozi.

"Nachukua hii," nikasema.

"Gumu!" akasema yule mama.

"Lakini ina heshima."

Mama yangu sikumwonyesha. Alikuwa Mkatoliki wa rozari mkononi, angenipeleka kwa padri pamoja na pazia. Njia nzima nilizipakata ndani ya kikapu, chini ya viazi. Basi liliposimama Igawa, na tena Chimala, abiria wote wakashuka kununua mchele, mimi nikabaki kulinda baba mkwe.

Wifi nilimwonyesha. Akaishika karata ya mzee, akaitazama kwa makini.

"Gwe wifi!" akasema. "Ndiye kabisa. Mpaka huo mgongo."

Tangu siku hiyo nikawa na baba wakwe wawili wa kuwakwepa, mmoja sebuleni na mmoja kwenye pakiti. Nikichanganya karata nilifumba macho nusu. Majirani walikuja mchana nikawatazamia kwenye korido, nyuma ya pazia, na kwa kuwa vikombe havisemi vyenyewe, nilisema mimi. Swali langu niliuliza kila siku: nitabaki au nitakwenda? Zikaja panga, yakaja magongo. Sikupata jibu, na mavuno yakawa yanakaribia.

Alasiri moja wifi akapenyeza kichwa kwenye pazia. "Baba anasema na yeye atazamiwe."

"Amejuaje?"

"Pazia siyo ukuta, wifi. Anauliza atarudi lini kwake."

Nikakaa chini. Karata ya kwanza, vikombe. Nikasema kuna wageni. Ya pili, panga, nikasema madaktari. Wifi akarudia kila neno kwa sauti, ingawa mzee alikuwa karibu kiasi cha kunisikia nikimeza mate, na masikio yake hayakuwa na ugonjwa wowote. Ya tatu nikafunua, nikaona ukingo wa kandili. Nikaitupa kwa wifi, nikajifunika kanga uso mzima, nikageukia ukutani.

"Umetokea wewe, baba," wifi akasema. "Mzee, na fimbo, na taa."

"Yuko na nani?" Ilikuwa mara ya kwanza namsikia mzee akisema sentensi nzima.

"Peke yake."

"Chai anamletea nani?"

Wifi akaikagua karata kana kwamba chai ingeweza kuwa pembeni. "Hakuna mtu, baba."

Mzee akauliza, "Mbona huyo mwali amenyamaza?"

"Amejifunika. Anasema haruhusiwi kukuona hata kwenye karata."

Upande wa pili kukatoka mlio wa kukohoa, nami kwa mazoea nikakohoa kumjibu, nikajiandaa kupita. Haukuwa mlio wa kukohoa. Mzee alikuwa anacheka.

Mume wangu aliporudi kutoka kambini akatumwa na mzee kijijini, na ng'ombe akatoka. Wakaja shangazi zake, wakasema ya kusemwa, na wifi akapewa kazi ya kufunua pazia. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa ndevu. Nikamwona mtu mfupi, mashavu ya mviringo, kidevu kitupu kama cha mtoto, na pengo mbele. Nikachungulia nyuma yake kumtafuta baba mkwe.

Wifi alikimbilia jikoni; kicheko chake kilisikika mpaka barabarani. Mzee naye alikuwa ananitazama kwa mashaka, kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Ndiye wewe?" akaniuliza. "Kwa jinsi unavyogonga viti, nilidhani ni mtu mnene."

Alikaa nasi. Miguu haikupona. Chai yake aliipenda ya tangawizi, nikampelekea asubuhi na jioni, na pazia nikamfanyia blanketi la magoti. Mpiga picha akipita mtaani, mzee alikataa kupigwa. Alitaka apigwe akiwa amesimama, kwa hiyo tusubiri kidogo. Tulisubiri, mpaka tukamrudisha kijijini kumzika.

Nililia kuliko binti zake. Picha yake hatuna. Ninayo ile karata tu, nimeiegemeza kabatini, mzee wa ndevu asiyefanana naye hata ukucha. Wifi akija kutoka Tukuyu huichukua, akaitazama, akasema maneno yake yale yale: ndiye kabisa. Zamani alikuwa ananitania. Siku hizi anayasema taratibu, halafu anairudisha mahali pake, nami sibishi.