Toa Sauti ya Mzee

Goreth na mimi tumekodi fremu moja ya duka hapa Mpanda, karibu na soko. Upande wangu cherehani, upande wake kompyuta na spika. Mimi naongea kutwa nzima. Yeye anaweza kushinda tangu asubuhi hajasema neno, na nasema ukweli, ukimya wake unanikera. Kazi yake ni kurekodi video za harusi, send-off na kipaimara, kisha anazihariri.

Mwaka huu akapata programu ya kuhariri yenye msaidizi wa akili mnemba, huyo AI mnayemsikia. Unamwandikia kwa Kiswahili unachotaka, naye anachagua kifaa cha kufanyia. Vifaa Goreth alivipanga mwenyewe ndani ya programu, kila kimoja akakiandikia maelezo, maana msaidizi hajui kifaa kinafanya nini mpaka asome hayo maelezo. Na alivyo mchoyo wa maneno, akaandika matatu, manne, basi. Nikamwambia, "We Goreth, hata huyo naye unamnunia?" Akacheka tu.

Sasa sikia ya mama Nyanzala wa kule Mwamkulu. Kwenye send-off, sherehe ya kumuaga binti yake Mariana kabla ya harusi, baba mtu, Mzee Mwandu, alisimama kumbariki. Koo lilikuwa limeshaanza kumsumbua, sauti ndogo, jenereta linanguruma nyuma ya turubai, na MC hajazima muziki. Mariana hakusikia kitu. Akaenda kwa mumewe huko Chunya na kinyongo kwamba baba yake alimbariki kwa shingo upande. Haukupita muda mrefu mzee akafanyiwa upasuaji Mwanza, wakaondoa kabisa sehemu ya koo inayotoa sauti ili apone. Amepona, Mungu mkubwa, ila hatasema tena. Baraka ya Mariana ikawa imebaki kwenye video ya Goreth, chini ya makelele yote yale.

"Binti yangu," Nyanzala akamwomba Goreth, "nitolee sauti ya mzee. Mariana amsikie baba yake."

Goreth akamwandikia msaidizi vilevile: toa sauti ya mzee. Kazi ikarudi. Muziki unasikika safi kabisa, mzee anafungua mdomo na kuufunga, kimya! Akarudia, kimya. Akajaribu kwa mkono wake mwenyewe, bila vifaa vya msaidizi, sauti ikatoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa, hushiki hata neno moja. Nilimwona anavyohangaika, nikamwonea huruma mpaka nikanyamaza, na mimi kunyamaza si jambo dogo.

Nyanzala aliporudi na kuoneshwa, akalipuka. "Kumbe! Nilisema utoe sauti ya mume wangu, na kweli umeitoa! Hospitali wametoa, na nyie mmetoa! Sasa mimi nimpelekee nini mwanangu?" Akaanza kulia.

Nilikuwa nainuka kumshika mkono, nikaona Goreth amemkodolea macho.

"Mama, samahani, hebu sema tena."

"Niseme nini tena?"

"Hapo kwenye kutoa."

Goreth akafungua maelezo yake ya vifaa. Kifaa kimoja alikipanga kwa ajili ya wanakwaya waliotaka muziki mtupu. Akakiandikia: "Hutoa sauti ya mtu." Kingine cha kufanya hotuba isikike. Akakiandikia: "Hutoa sauti safi." Jamani! Kwenye kile cha kwanza kutoa ni kuondoa, kwenye cha pili kutoa ni kuleta nje. Na sisi tunaotoa takataka na kutoa zawadi kwa mdomo huohuo wala hatukushtuka. Msaidizi naye angejuaje?

Akafuta yote, akaandika upya huku akisoma kwa sauti. "Kifaa hiki kinabakiza sauti ya anayeongea na kunyamazisha muziki, jenereta na kelele nyingine. Kitumie maneno yanapotakiwa kusikika." Halafu kile kingine: "Kifaa hiki kinanyamazisha sauti ya mtu, unabaki muziki peke yake. Usikitumie kwenye hotuba, maombi wala baraka. Kama ombi lina maana mbili, uliza kwanza." Huyo ni Goreth, jamani, anayesema hayo yote kwa mkupuo!

Kisha akamjaribu msaidizi makusudi: toa sauti ya mzee. Jibu likaja kwenye kioo: "Unataka sauti ya mzee ibaki isikike, au inyamazishwe?" Nilipiga kigelegele mpaka wauza nyanya wakachungulia. Goreth akaandika: ibaki.

Mzee Mwandu alikuja mwenyewe na mkewe, skafu shingoni. Goreth akabonyeza, Kisukuma kikatoka wazi kabisa, na Nyanzala akanitafsiria huku machozi yanamtiririka: "Mariana, umebeba jina la mama yangu. Nenda kwa amani. Mlango wangu kwako haufungwi." Midomo ya mzee, pale pembeni yetu, ilikuwa inafuata kila neno.

Tukamtumia Mariana video kwenye simu. Muda si mrefu akapiga, analia. "Baba, nimesikia. Baba, upo hapo?"

Nyanzala akataka kumjibia. Mzee akamzuia kwa mkono, akaichukua simu, akaiweka mbele ya spika, akamwoneshea Goreth kidole: tena. Goreth akabonyeza, na baba akamjibu binti yake.